Kikolezo Nacho Kiandikwe Katika Daftari la Mgonjwa

Mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Kisiwa cha Bwejuu wilayani Mafia, alinijia kliniki akiwa na daftari lake la vipimo na lalamiko lililonitia aibu. "Mwanangu," aliniambia, "mlisema nile saladi, nami nimekula miezi mitatu. Mbona presha haishuki?"

Nilimwuliza dawa zake. Alikuwa akizimeza bila kukosa. Nilimwuliza saladi hiyo huiandaaje. Alinieleza kwa fahari ya mtu aliyetii: kabichi iliyokatwa nyembamba na karoti, juu yake vijiko vitatu vikubwa vya mayonezi kutoka katika chupa ambayo mwanawe humletea kutoka Dar es Salaam, kisha sosi ya nyanya ya kuipa rangi. Ndivyo alivyoiona saladi ikiliwa mjini. Pembeni ya sahani hakukosa kipande cha ng'onda, na mchuzi wa wali ulikolezwa kwa vidonge vya mchuzi vya dukani, kwa sababu aliambiwa apunguze chumvi na vidonge hivyo, kwa maoni yake, havikuwa chumvi.

Kosa lilikuwa letu. Tulimpa neno "saladi" pasipo kumwuliza angelielewaje, tukamwambia "punguza chumvi" pasipo kumwonesha chumvi inakojificha. Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja: kwa mgonjwa wa shinikizo la juu la damu, kisukari au moyo, kile kinachomiminwa, kunyunyizwa au kuchovywa pamoja na chakula kina uzito sawa na chakula chenyewe, na sisi watoa huduma za afya tunapaswa kukiuliza na kukiandika kama tunavyoandika dozi ya dawa.

Jiko la kisiwani

Bwejuu ninayoitaja si kijiji cha Unguja kinachojulikana sana na watalii. Ni kisiwa kidogo kilichopo katika mlango wa bahari kati ya kisiwa kikuu cha Mafia na delta ya Mto Rufiji. Maisha ya hapo ni bahari na mnazi. Samaki asiyeuzwa mbichi hukaangwa, hukaushwa au hutiwa chumvi, kwani palipo na barafu chache chumvi ndiyo jokofu la maskini. Bidhaa za dukani huvuka maji kabla ya kumfikia mlaji, na kinachosafiri vizuri ni kile kisichooza: unga, sukari, chumvi, vidonge vya mchuzi, na chupa za sosi.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisiwani anakutana na chumvi mara tatu katika mlo mmoja: ndani ya samaki, ndani ya mchuzi, na juu ya sahani. Pengine huikutana nayo mara ya nne katika maji, maana visima vya visiwa vidogo na vya kandokando ya bahari mara nyingi huingiliwa na maji ya chumvi. Watafiti waliofanya kazi katika pwani ya Bangladesh wameyahusisha maji ya kunywa yenye chumvi nyingi na shinikizo la juu la damu kwa wajawazito. Mtoa huduma anayefanya kazi pwani asione haya kumwuliza mgonjwa maji yake yana ladha gani.

Jambo hili si dogo kwa taifa. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kiharusi kinapompata mvuvi, nyumba nzima hukosa chombo. Anayekipata akiwa katika kisiwa kidogo hulazimika kuvuka bahari kabla ya kufika hospitali, na bahari haingojwi kwa saa. Hungojwa kwa upepo na maji kujaa.

Hesabu ya chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kiasi hicho kinajumuisha chumvi yote: ya jikoni, ya dukani na ya ndani ya samaki. Shirika hilohilo linakadiria kwamba wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, takribani gramu 10.8.

Tuitazame sasa sahani ya mama yetu. Vidonge vya mchuzi, kwa sehemu kubwa ya aina zinazouzwa, ni chumvi kwa nusu ya uzito wake au zaidi. Kidonge cha gramu 4 kinaweza kubeba gramu 2 za chumvi. Sosi ya soya ambayo sasa hupatikana katika maduka ya miji yetu ina chumvi ya kadiri ya gramu 2 katika kijiko kimoja cha mezani. Achari ya ndimu au ya embe huhifadhiwa kwa chumvi, hivyo kijiko chake hakiwezi kuhesabiwa kuwa mboga. Ng'onda na papa mkavu hutofautiana kwa kadiri mkaushaji alivyotia mkono wake, lakini kipande cha kiganja kinaweza kumaliza posho ya chumvi ya siku nzima. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na mikono mitatu tofauti ambayo hakuna unaojua mwingine umetia nini.

Ninapendekeza kipimo ambacho hakihitaji mzani wala maabara. Familia ya watu wazima watano haipaswi kuzidisha gramu 25 za chumvi kwa siku. Pakiti ya nusu kilo, basi, inapaswa kutosha siku 20 hata kama chakula chote kingekolezwa kwa hiyo peke yake. Na kwa kuwa kuna chumvi nyingine katika samaki na vidonge, pakiti hiyo inapaswa kudumu zaidi. Mwulize mama wa nyumba: "Pakiti ya chumvi mliinunua lini, nayo iliisha lini?" Akikuambia huisha kwa siku 10, ukiondoa ile ya kuhifadhia samaki, umekwisha kupata jibu ambalo daftari la vipimo halikukupa.

Hapo pana tahadhari moja. Wapo wanaodhani chumvi ya mawe au ya majaruba haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Kwa shinikizo la damu, chumvi ni chumvi. Tena chumvi isiyotiwa madini joto inamwacha mjamzito na mtoto bila kinga dhidi ya upungufu wa madini hayo, ambao huleta rovu na kudumaza akili. Shauri letu liwe: tumia chumvi yenye madini joto, lakini tumia kidogo.

Mayonezi, sosi na hadaa ya chupa

Mayonezi ni mafuta, yai na siki, nayo mafuta huchukua kama robo tatu ya uzito wake. Kijiko kimoja cha mezani kina takribani gramu 10 za mafuta na kilokalori 90. Vijiko vitatu vya mama yetu vilikuwa na nishati inayokaribia bakuli la wali wa gramu 200, vikiwa vimekaa juu ya kabichi ambayo peke yake haifiki kilokalori 30. Haki isemwe: mayonezi siyo chanzo kikuu cha chumvi katika sahani ile, na mafuta yake kwa kawaida ni ya mbegu, si mabaya kama ya wanyama. Ubaya wake kwa mgonjwa huyu ni unene, na unene hupandisha shinikizo la damu na kufungua mlango wa kisukari. Zaidi ya hayo, chupa iliyokwisha kufunguliwa huhitaji baridi, na jokofu si la kila nyumba.

Sosi ya nyanya nayo hudanganya kwa rangi. Kijiko kimoja cha mezani hubeba kama gramu 4 za sukari, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi. Mgonjwa wa kisukari anayekunywa chai isiyo na sukari, kisha akamimina vijiko vinne vya sosi juu ya chipsi, amekunywa chai yake kwa sahani. Na chupa iliyoandikwa kwamba imepunguzwa mafuta isipokelewe kwa imani tupu, kwani mara nyingi mafuta yakitoka, sukari na chumvi huingizwa kurudisha ladha. Asomaye lebo na aanze na orodha ya viambato: hutajwa kwa kufuata wingi wake, kwa hiyo sukari au chumvi ikiwa ya pili au ya tatu, chupa imekwisha kujieleza.

Nazi haihitaji hukumu ya kifo

Hakuna jambo linalogawa maoni pwani kama tui. Upande mmoja wapo watoa huduma wanaomwambia Mmafia aache nazi, kana kwamba wanamwambia mtu wa Kilimanjaro aache ndizi. Upande wa pili zimezuka sauti zinazodai kwamba mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu. Naziona pande zote mbili zimekosea.

Mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba kwa zaidi ya asilimia 80. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2020 ulithibitisha kwamba, yakilinganishwa na mafuta ya mimea kama alizeti au zeituni, hupandisha lehemu mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni takribani gramu 22. Kikombe kidogo cha mililita 100 cha tui zito kinakaribia kuimaliza posho hiyo.

Hata hivyo, watu wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika Bahari ya Pasifiki, waliochunguzwa na watafiti wa New Zealand na matokeo kuchapishwa mwaka 1981, walikula nazi kwa wingi mno. Tokelau zaidi ya nusu ya nishati yao ilitoka katika nazi. Lehemu yao ilikuwa juu kwa kufuata kiasi cha nazi walichokula, lakini magonjwa ya moyo yalikuwa machache. Walikula nazi pamoja na samaki wabichi na mizizi, wakitembea na kuvua, huku sukari na bidhaa za dukani zikiwa chache. Funzo ninalolipata ni kwamba nazi iliyokaa katika mlo wa zamani ni jambo moja, na nazi iliyoongezewa chapati za mafuta, soda, vidonge vya mchuzi na mayonezi ni jambo jingine. Mgonjwa wa leo wa Mafia anaishi katika mlo wa pili.

Kwa hiyo shauri langu ni la kupima, si la kukataza. Tui la kwanza libaki kwa sikukuu na wageni. Mchuzi wa kila siku upikwe kwa tui la pili, jepesi. Siku ya wali wa nazi, kitoweo kisiungwe kwa nazi. Aliye na lehemu ya juu au aliyekwisha kupata maradhi ya moyo apunguze zaidi, kwa maelewano na daktari wake.

Kachumbari ilikuwapo kabla ya saladi

Pwani yetu haina uhaba wa ladha. Ndimu, limau, siki, ukwaju, embe bichi, pilipili, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, bizari na pilipili manga ni vikolezo visivyo na chumvi wala mafuta vikitumiwa vilivyo. Ukali wa ndimu huamsha ulimi na kufanya chumvi kidogo ionekane nyingi, na pilipili husaidia vivyo hivyo. Ulimi nao hujifunza: anayepunguza chumvi polepole kwa wiki kadhaa huja kukiona chakula chake cha zamani kuwa kikali. Ndiyo maana ni vema nyumba nzima ipunguze kidogo kidogo, badala ya kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake na kumfanya ajione ametengwa.

Kachumbari ya watu wanne yaweza kuwa hivi: nyanya nne, vitunguu viwili, tango moja, karoti ikipatikana, pilipili kwa kiasi, giligilani, na maji ya ndimu mbili. Desturi ya wengi ni kukifikicha kitunguu kwa chumvi ili kuondoa ukali. Kitunguu hicho kiloweshwe badala yake katika maji yenye ndimu au siki kwa robo saa, kisha kichujwe. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti chatosha kwa bakuli zima, na mafuta hayo kidogo husaidia mwili kufyonza virutubisho vya nyanya na karoti. Chumvi isiwekwe mpaka bakuli limeonjwa. Mwenye kupenda kikolezo kizito aweza kukoroga mtindi usio na sukari pamoja na kitunguu saumu na ndimu, au rojo la ukwaju lenye tangawizi na pilipili, lisilotiwa sukari. Mboga zote zioshwe kwa maji safi na salama. Kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu huleta kuhara, na kipindupindu hakimsubiri mtu amalize kupunguza uzito.

Ng'onda nayo isamehewe, ila isafishwe. Iloweshwe kwa saa kadhaa, maji yabadilishwe mara mbili au tatu na kumwagwa, kisha ipikwe bila chumvi nyingine wala kidonge cha mchuzi. Pale maji baridi ni ya kununua, ushauri huu una gharama, nasi tuseme hivyo waziwazi. Basi ng'onda iwe ya siku moja moja, na samaki mbichi awe wa siku nyingi panapowezekana.

Zipo tahadhari tatu zaidi. Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia waone ndimu, siki na pilipili zinawapokeaje, wasilazimishwe. Wenye maradhi ya figo wasitumie chumvi mbadala zenye potasiamu, na wamwulize daktari kuhusu madafu na ukwaju, kwa kuwa potasiamu ikijaa katika damu huweza kuusimamisha moyo. Wanaotumia dawa kama enalaprili, losatani au spironolaktoni nao waulize kwanza. Kwa wengine, chumvi mbadala ni jambo la kheri: jaribio lililofanyika katika vijiji 600 vya China, likihusisha takribani watu 21,000 na kuchapishwa mwaka 2021, lilionesha kwamba waliobadilishiwa chumvi ya jikoni walipata viharusi vichache kwa asilimia 14. Mwisho, siki na kitunguu saumu havichukui nafasi ya dawa. Anayeacha amlodipini kwa sababu ameanza ndimu anajiweka hatarini.

Wajibu wetu

Najua nitajibiwa kwamba wenyeji wa visiwa wana matatizo makubwa kuliko chupa ya sosi. Nakubali, na sehemu ya matatizo hayo ndiyo hasa ninayoisema. Mvuvi hatii chumvi samaki kwa ulafi. Anaitia kwa sababu hana barafu na soko liko mbali. Ushauri wa lishe unaosahau barafu, maji baridi na bei ya mboga ni nusu ya ushauri. Lakini kliniki haiwezi kungoja mtambo wa barafu ujengwe ndipo ianze kuuliza maswali.

Naomba kila mtoa huduma aongeze maswali manne katika mazungumzo na mgonjwa: Unatia nini juu ya chakula baada ya kupakua? Mchuzi mnaukoleza kwa nini? Pakiti ya chumvi hukaa siku ngapi? Na nani anayepika? Swali la mwisho lina uzito, maana mume anayeshauriwa kliniki huenda hajawahi kushika mwiko, na mvuvi aliye dagoni hula anachopikiwa na mwenzake. Mpishi asipokuwapo katika mazungumzo, tumemshauri mtu asiyehusika.

Kwa watunga sera, ninaona hatuna sababu ya kusubiri. Afrika Kusini iliweka kwa sheria viwango vya juu vya chumvi katika mkate, supu za unga, vidonge vya mchuzi na vyakula vingine, na utekelezaji ulianza mwaka 2016. Mwaka huohuo Chile ilianza kubandika alama nyeusi mbele ya vyakula vilivyozidi sukari, chumvi, nishati au mafuta yaliyoshiba. Tanzania ina Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula tangu mwaka 2019. Lebo ya Kiswahili, yenye herufi zinazosomeka bila miwani na iliyo mbele ya pakiti, ingemsaidia mama wa Bwejuu kuliko kipeperushi chochote nilichowahi kumpa.

Siku ile, baada ya kumweleza yote haya, nilimwomba aiache chupa, aache vidonge, aloweke ng'onda yake, na aendelee na dawa bila kukosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake. "Kumbe mlikuwa mnasema kachumbari," alisema. "Si mngesema kachumbari tangu siku ya kwanza, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo, kabla ya kumwambia mgonjwa ale nini, humwuliza kwanza kitu hicho kwao kinaitwaje.